Dai inakata katikati, ncha zinabaki: usikimbilie jeki kubwa

SWALI: Habari fundi. Nimejitengenezea presi ya kukatia ngozi kwa dai, yaani wembe uliopindwa kwa umbo la kipande ninachotaka. Juu nimeweka boriti ya chaneli (chuma cha umbo la U) mbili za milimita 100, nguzo zimeachana milimita 700, na chini kuna jeki ya tani 12 inayosukuma bamba la milimita 12 (300 kwa 400) kwenda juu. Dai ya pochi ina milimita 220 kwa 100, na ngozi ni ya magome, yaani iliyolainishwa kwa magome ya miti, unene milimita 2.5. Inakata vizuri katikati lakini ncha mbili zinabaki zimeshikana. Nikizidi kupampu, wembe unazama kwenye ubao wa plastiki pale katikati na ncha ziko vilevile. Sasa hata bamba limeanza kupinda. Nimeshauriwa ninunue jeki ya tani 30. Mwingine anasema niichomelee hii niliyo nayo kichwa chini kwenye boriti, ili bamba lishuke kutoka juu. Kipi bora? Na bamba lililopinda, naweza kuligeuza upande wa pili?

JIBU: Jeki ya tani 30, hapana. Jeki kichwa chini, hapana pia. Swali hili linakuja kila mara, dai tofauti, jeki tofauti, na ushauri anaoletewa muulizaji ni uleule: ongeza tani. Tunazo tele. Tupige hesabu.

Nguvu ya kukata haitokani na ukubwa wa kipande, inatokana na urefu wa wembe, yaani mzingo wa dai. Ya kwako ni 220 + 100 + 220 + 100, jumla milimita 640. Kwa ngozi ya magome ya milimita 2 hadi 3 na wembe mkali, anza kupanga kwa kilo 5 kwa kila milimita ya wembe. Zidisha: kilo 3,200. Tani 3 na kidogo. Jeki yako inaweza karibu mara nne ya hapo, na bado ncha hazikatiki. Sasa tani 30 zitafanya nini ambacho 12 zimeshindwa?

Kama hiyo kilo 5 huiamini, na ni vizuri usiamini namba ya mtu mwingine, ipime kwa ngozi yako. Chukua kipande cha wembe uleule chenye urefu wa milimita 50, kisimamishe kwenye kigogo cha mbao juu ya ngozi na ubao wa plastiki. Tafuta bomba la chuma la mita 1, ncha moja uizuie chini ya kitu kisichonyanyuka, bomba lipite juu ya wembe milimita 100 kutoka kwenye kizuizi hicho, kisha ncha ya mbali tundika ndoo. Mimina maji polepole. Wembe ukipenya, simama, pima maji. Kila lita ni kilo moja, na hapo umbali umeizidisha mara 10. Ongeza uzito wa ndoo tupu mara 10 na uzito wa bomba lenyewe mara 5, kwa sababu uzito wake uko katikati ya urefu. Gawanya jumla kwa 50, umepata kilo kwa milimita. Ukiona namba imeruka mara mbili ya ile ya kwangu, kagua makali kwanza kabla ya kulaumu ngozi.

Tatizo lako ni bamba. Kichwa cha jeki kina upana wa kama milimita 40, nacho kinasukuma bamba jembamba sehemu moja tu, katikati. Ncha za dai ziko milimita 110 kutoka hapo, hazina kitu chini yake isipokuwa ukaidi wa bamba lenyewe. Kwa tani 3 tu, bamba la milimita 12 linanepa kwenye ncha hizo robo milimita au zaidi. Robo milimita kwa seremala si kitu. Kwa dai ndiyo tofauti kati ya kipande kinachodondoka chenyewe na kipande kinachoning'inia kwa nyuzi za upande wa nyama. Ukiongeza kupampu, katikati wembe unaingia kwenye plastiki, bamba linazidi kunepa, ncha zinazidi kukimbia. Ukifika tani 12 chuma cha kawaida cha unene huo hakirudi tena, na ndicho kilichokupata. Kwa tani 30 ungelikunja bamba kama chapati, na ncha za pochi zingebaki zimeshikana.

Unene ndio unaoamua. Ukiongeza unene wa bamba mara mbili, ugumu wake dhidi ya kunepa unapanda mara nane. Nafasi kati ya nguzo nayo inafanya kinyume: ukiipunguza kutoka 700 hadi 500, boriti ileile inanepa karibu mara tatu pungufu. Chaneli zako mbili, ukizibebesha tani 12 katikati, zinanepa karibu milimita 1, lakini ndani ya urefu wa dai tofauti ni ndogo sana kwa sababu upinde umetawanyika kwenye milimita zote 700. Kwa hiyo ya juu iache kwa leo. Shughulika na ya chini.

Fundi wa presi ana kanuni ya kukadiria: nguvu inatawanyika ndani ya chuma kwa mshazari wa nyuzi 45. Kutoka kichwa cha milimita 40 hadi dai ya milimita 220 unahitaji kutawanya milimita 90 kila upande, basi unahitaji kimo cha milimita 90 hivi kati ya jeki na dai. Wewe una 12. Huhitaji kununua bonge la chuma la milimita 90. Chukua chaneli mbili za milimita 80, urefu 300, zipange kwa urefu wa dai chini ya bamba jipya, migongo ikitazamana na imesimama wima. Chini yao weka kibamba cha milimita 20 cha kupokea kichwa cha jeki. Jumla 80 + 12 + 20, unapata 112, inatosha.

Hapa ndipo wengi wanaharibu kazi nzuri. Ukichomelea mstari mrefu mfululizo, bamba litajikunja kuelekea upande wa moto, na utakuwa umehamisha kasoro kutoka kwenye kunepa kwenda kwenye kupinda. Bora bolti. Kama lazima uchomelee, libane bamba kwenye kitu kizito kilichonyooka, piga vipande vya milimita 25, ruka, nenda upande wa pili, rudi, na uache ipoe yenyewe bila maji. Ikishapoa weka rula ya chuma juu ya bamba, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, huku taa ikiwa nyuma. Kipande cha karatasi ya kawaida ya kuandikia kina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Kikipita chini ya rula mahali popote, kuna kazi ya kusawazisha.

Halafu pima usambamba, maana bamba gumu lililoinama nalo linakata upande mmoja. Kata vipande vinne vya waya wa risasi wa kulehemu, kila kimoja kiweke karibu na kona ya bamba, bila dai, panda na jeki mpaka vibonyee kidogo, shusha, pima unene wake kwa venia (kipimo cha kubana kinachosoma sehemu za milimita). Vikitofautiana zaidi ya 0.2, sawazisha kwa paking (vibati vyembamba vya kujazia) kwenye nguzo mpaka vilingane. Baada ya hapo ndipo ulete dai: karatasi nyeupe juu ya ubao, karatasi ya kaboni juu yake, dai, bonyeza kidogo tu. Mstari utakaotokea utakuonyesha kila kitu. Ulipofifia, bandika tabaka moja la tepu ya karatasi mgongoni mwa dai, rudia. Tabaka moja, si matano kwa mkupuo.

Kingine cha lazima ni vizuizi vya mwendo. Wembe wa kawaida wa dai una kimo cha milimita 23.8. Kama ubao wako wa plastiki ni milimita 20, jumla ni 43.8, basi weka bolti nne zenye nati za kufungia kwenye kona, nje ya dai, zisimamishe bamba nafasi kati yake na sehemu ya juu ikibaki 43.6. Wembe utaingia kwenye ubao 0.2 na basi. Mkono wa jeki ukiwa mgumu ghafla, umefika, acha kupampu. Bila vizuizi hivyo ubao unachimbika mfereji wa umbo la dai, na siku utakayosogeza dai kidogo, wembe utavuka mfereji ule na kuacha ngozi nzima pale. Watu wanalaumu wembe butu wakati kosa ni ubao. Ugeuze, uzungushe, ukichoka upige randa, kisha urekebishe vizuizi kwa kiasi ulichopunguza. Na usiweke mpira laini badala ya plastiki ngumu: ngozi inazama, inavutika, na ukingo unatoka umelala.

Jeki kichwa chini: jeki za kawaida za namna hii zinanyonya mafuta kutoka chini ya tangi lake. Ukiigeuza, hewa ndiyo inayofika kwenye mlango wa pampu, mkono unapiga bure. Na kuichomelea ndiyo upuuzi mkubwa zaidi. Ndani kuna sili zinazoungua na mafuta yanayowaka, na ukishaipasha moto huna tena jeki, una chupa ya chuma yenye presha usiyoijua.

Maana ukisikiliza hao wanaouza ushauri wa tani, haiishii kwenye jeki. Watakuambia uchomeke bomba refu kwenye mkono. Watakuambia ukaze ile skrubu ndogo ya vali ya usalama "ipate nguvu". Ukikosa kimo watakuambia uweke beringi kuukuu au diski ya breki chini ya dai. Chuma cha beringi na kile cha kumiminwa havipindi kabla ya kuvunjika, vinapasuka na kuruka, na uso wako uko usawa uleule. Cha kujazia kimo kiwe chuma laini kizima, kipande kimoja. Fremu za springi za bamba za gari nazo zinasifiwa kwa ugumu. Ugumu huohuo unaotokana na kaboni nyingi ndio unaofanya chomeleo lipasuke pembeni mwake, mara nyingine kesho yake, mashine ikiwa imesimama tu.

Na fremu ihesabiwe kwa uwezo wote wa jeki, si kwa tani 3 unazohitaji, kwa sababu siku moja kuna atakayepampu mpaka mwisho. Kwa tani 12, nguzo nne za fimbo yenye uzi wa nati ya milimita 20 za chuma cha kawaida zinabeba kwa nafasi nzuri. Mbili za kipimo hicho zinafika ukingoni mwa kuvutika. Ukitoka 12 kwenda 30 mzigo huo unaongezeka mara mbili na nusu, na pampu ile ndogo inatakiwa kujaza silinda pana zaidi, kwa hiyo utapiga mkono mara nyingi zaidi kwa kila pochi. Kama unataka kubadilisha jeki, shuka hadi tani 6. Inatosha dai yako, inapanda upesi, na inasamehe makosa.

Bamba lililopinda usiligeuze. Halitanyooka, litapinda kinyume na kubaki na mawimbi ambayo rula itayaona na paking haitayafuta. Likate vipande: ule ukanda wa pembeni ambao haukuguswa unatosha vibamba vya kupokea vichwa vya bolti za vizuizi.