Nahumu 1: kisasi na ngome, inakuwaje?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mchungaji. Juzi kikundini tumesoma Nahumu sura ya 1, mstari wa 2 peke yake Mungu analipiza kisasi mara 3, halafu ukifika wa 7 anaitwa mwema, ngome siku ya taabu. Nimechanganyikiwa, sasa tumkimbie au tumkimbilie? – Mama wawili, Dodoma

JIBU: Amina mama. Tumkimbilie, ila ngoja nikuonyeshe kitu. Mwaka 701 KK Senakeribu mfalme wa Ashuru aliteka Lakishi, mji wa Yuda, akaenda kuuchonga ushindi wake kwenye kuta za ikulu yake Ninawi, mji uleule ambao Nahumu anautabiria hukumu, na hayo mawe leo yako British Museum kule London, picha zimejaa mtandaoni. Utaona watu wametundikwa kwenye miti iliyochongoka, wengine wanachunwa ngozi, na kuna mkokoteni unavutwa na ng'ombe, wamama na watoto wamekaa juu ya mizigo wanahamishwa kwao. Hao watoto ndo wananishika mimi, maana mfalme aliwachonga kujisifia.

Na kwenye kumbukumbu zake anadai alitoa Yuda watu 200,150, yaani idadi tu, jina la hata mmoja wao hamna. Sasa Nahumu, ambaye jina lake lenyewe ni faraja, anawaambia Yuda kwamba Mungu "huwajua hao wamkimbiliao". Anawajua mama! Yule wa kwenye mkokoteni akisikia Mungu kakasirika na Ninawi haogopi, anapumua, kumbe kesi yake haijafutwa, na hiyo ndo ngome. Mungu anayetazama yale mawe na asikasirike angekuwa mwema kwa nani?

Halafu usiuruke mstari wa 3, si mwepesi wa hasira, ila mwenye hatia hawezi kumwita hana hatia. Ninawi ilianguka 612 KK mikononi mwa Wababeli na Wamedi, magofu yake yako Mosul, Iraki. Na mlango haukuwa umefungwa kwao, kwenye Yona watu wa mji huohuo walitubu wakasamehewa.

Mkikutana tena msomeni Nahumu mpaka mwisho, kinaisha kwa kuiuliza Ninawi swali, kuna nani ambaye uovu wake haukumfikia, halafu fungueni Yona, nacho kinaisha kwa swali, Mungu anauliza kwa nini asiuhurumie mji huo.