Kwa nini Bunge lilivitungia sheria vikwazo vya Obama

Mkuu, umeuliza kwa ajili ya insha yako: kama Obama alishaiwekea Urusi vikwazo, kwa nini Bunge la Marekani lilivitungia sheria mwaka 2017? Kwa sababu amri ya rais hufutwa na amri ya rais. Obama alitumia sheria ya dharura za kiuchumi ya 1977; mrithi wake angeweza kuvifuta kwa saini tu. Wabunge hawakumwamini Trump kwa hilo. Seneti ilipitisha kwa kura 98 dhidi ya 2, Baraza la Wawakilishi 419 dhidi ya 3, naye akasaini shingo upande tarehe 2 Agosti. Angetumia kura ya turufu, wangeipindua.

Ila usijaze insha hesabu za kura. Utamu uko kifungu cha 216 cha sheria hiyo ya 2017: rais akitaka kulegeza vikwazo kwa kiasi kikubwa, apeleke taarifa bungeni na asubiri siku 30 (kiangazi ni 60), wabunge wapate nafasi ya kukataa. Soma pia vifungu vya msamaha, yaani vinavyomruhusu rais kutotekeleza baadhi ya vikwazo; huko ndiko alikoachiwa upenyo. Halafu linganisha na Syria: Juni 2025 Trump alifuta vikwazo vya amri kwa saini moja, lakini Sheria ya Caesar ya 2019, iliyoiwekea Syria vikwazo kupitia Bunge, ikabaki hadi Bunge lilipoifuta Desemba 2025.