Kiingereza cha kazi kwa wanafunzi wa uhandisi: mimi huanzia maabara

Mwalimu, nimelisoma swali lako. Umepewa somo la Communication Skills kwa uhandisi mwaka wa pili, darasa la watu zaidi ya mia. Mtaala unaanza na "maana ya mawasiliano", unapita "vikwazo vya mawasiliano", halafu ni tenses hadi mitihani, na vijana wanasinzia. Unauliza uanzie wapi. Waliotangulia kujibu wanakushauri upige marufuku Kiswahili darasani na uwape magazeti ya Kiingereza. Naheshimu uzoefu wao, ila mimi nimeona mengine.

Kabla ya kuhamia kufundisha nilikuwa saiti, majengo na barabara, na ripoti za vijana wa field zilipita mezani kwangu. Ung'eng'e uliopinda haukunisumbua sana. Kilichonisumbua ni kusoma ukurasa mzima na kumaliza bila kujua zege limemwagwa wapi, la daraja gani, na kwa nini kazi ilisimama. Sentensi ya kawaida kabisa kwenye daftari la kumbukumbu za kila siku ni hii: "Today we were involved in various activities of concreting whereby we learned many things." Sarufi siyo mbaya. Habari hamna.

Sasa mwite huyo kijana pembeni, umuulize kwa Kiswahili jana mlifanya nini. Atakujibu bila kusita: "Tulimwaga nguzo za ghorofa ya kwanza, mstari B. Mashine ya zege ikazingua saa nane mchana, tukabakiza nguzo mbili, B4 na B5." Habari anayo, tena imenyooka. Shida ni kwamba tangu form one, alipotoka kwenye miaka saba ya Kiswahili na kutumbukizwa masomo karibu yote kwa Kiingereza, amezoea kwamba sentensi ya kudesa ni salama na sentensi yako mwenyewe itakuumbua. Kwa hiyo anajificha nyuma ya maneno marefu. Ukimzuia Kiswahili hapo, unamnyang'anya mahali pekee ambapo habari yake ipo. Mwache aseme kwa Kiswahili kwanza, kisha aandike vilevile: "Mixer broke down at 14:00. Columns B4 and B5 not cast." Kwisha.

Zoezi langu la kwanza kila muhula ni la slump, kile kipimo cha ulaini wa zege. Kundi moja linaandika hatua za kufanya kipimo kwa Kiingereza, ukurasa mmoja. Kundi la pili, ambalo halijawahi kukigusa (mara nyingi naazima watu wa umeme), linapewa karatasi na kufanya kilichoandikwa, hicho tu. Walioandika wanasimama ukutani, hawaruhusiwi kufungua mdomo.

Koni ile ina urefu wa milimita 300. Inajazwa kwa matabaka matatu, kila tabaka linashindiliwa mara 25 kwa fimbo ya chuma ya milimita 16, kisha koni inainuliwa wima, taratibu, na unapima zege limeshuka kiasi gani. Vijana huandika: "Fill the cone with concrete and compact it properly, then remove it." Basi watu wa umeme wanaijaza koni yote kwa mkupuo, wanachomachoma juu mara chache, mmoja anaivuta koni kwa upande kama anavua buti, na zege linamwagika hadi kwenye viatu. Walioandika ukutani wanashika vichwa. Hakuna hotuba ya "vikwazo vya mawasiliano" itakayofanya kazi hiyo. Nauliza swali moja tu: hao wa umeme wamekosea wapi kulingana na karatasi? Hawajakosea popote.

Rasimu ya pili inakuja tofauti kabisa: "Fill the cone in three equal layers. Tamp each layer 25 times. Lift the cone straight up." Na hapo ndipo sarufi inapoingia, kwa sababu sasa ina kazi. "Each layers" inasahihishwa pale pale. "The" inayosahaulika nayo, maana sisi katika lugha yetu hatuna kitu kama hicho, na msomaji anataka kujua ni koni ipi. Dakika ishirini za makosa waliyoyafanya wenyewe zinatosha. Wa umeme wape zamu yao ya kuandika hatua za kuunganisha mota ya fezi tatu. Wa kompyuta, kusanidi ruta.

Somo la pili kwa uzito kwangu ni mpangilio: kipi kinakaa juu. Hapo natumia chombo cha anga cha Columbia. Januari 2003, wakati kinaruka, kipande cha povu la kuzuia joto kilibanduka kwenye tangi la nje na kugonga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi walifanya tathmini wakaiwasilisha kwa slaidi. Slaidi moja ilikuwa na kichwa cha habari kinachotuliza, kwamba data za majaribio zinaonyesha makadirio yao yalichukua tahadhari ya kutosha. Kule chini kabisa, kwenye mstari mdogo wa mwisho, ndipo palipoandikwa kwamba kipande kilichogonga kilikadiriwa kuwa na ujazo wa inchi za ujazo 1920, wakati majaribio yale yalifanywa kwa kipande cha inchi za ujazo 3. Tofauti ya mara 640! Tarehe 1 Februari chombo kilisambaratika kikirudi duniani, watu saba wakafa. Bodi iliyochunguza ajali iliijadili slaidi hiyo ndani ya ripoti yake, na ripoti ipo mtandaoni. Ichapishe, wagawie, waambie waandike upya kichwa cha slaidi kwa sentensi moja. Wengi wanashangaa kwamba walioandika vile walikuwa Wamarekani, wanaongea Kiingereza nyumbani kwao. Mshangao huo una faida, unaondoa ile dhana kwamba ukipata accent umepata kila kitu.

Kingine ambacho vijana hawaambiwi: Kiingereza rahisi ni taaluma yenye kanuni zake. Watu wa ndege wana kiwango kinaitwa ASD-STE100, kilichotokana na mwongozo uliotolewa 1986, kwa ajili ya vitabu vya matengenezo. Kilitengenezwa kwa sababu mafundi wengi wa ndege duniani siyo wazawa wa Kiingereza. Sentensi ya maelekezo isizidi maneno 20, ya maelezo isizidi 25, maelekezo mamoja kwa sentensi moja, neno moja maana moja. Kinapatikana bure ukiomba. Mwanafunzi aliyekuwa anaona aibu kuandika sentensi fupi akijua kwamba ndege zinatengenezwa kwa sentensi fupi, mabega yanashuka.

Na angalia kazi zinazowasubiri. Reli ya SGR kipande cha Dar hadi Morogoro imejengwa na Waturuki wa Yapı Merkezi. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, Wamisri wa Arab Contractors na Elsewedy. Kwenye meza kama hizo Kiingereza siyo lugha ya nyumbani kwa mtu yeyote. Ukileta "whereby" tatu kwenye barua moja, unamchosha Mturuki na unajichosha mwenyewe. Kitu pekee cha kukazia kama msumari ni maneno ya mikataba na viwango: "shall" ni lazima, "should" ni ushauri, "may" ni ruhusa. Hapo hakuna kubahatisha, ni pesa za watu.

Upande wa kuongea, nusu ya alama zangu ni kwa Kiswahili, na najua kuna watakaonirushia mawe. Mhandisi wa hapa kwetu anapokea michoro kwa Kiingereza asubuhi, na kabla ya saa nne anatakiwa kumweleza fundi nondo zinapishana kiasi gani. Fundi karakana wetu anakaa mbele, kijana anamfafanulia mchoro, na fundi ndiye anayesema ameelewa au hajaelewa. Nimeona wanafunzi wa GPA za kutisha wakitoka jasho mbele ya huyo mzee. Kuwasilisha kwa Kiingereza kunabaki, dakika tano, slaidi tatu, basi. Watalihitaji zoezi hilo pia baadaye wakiomba usajili wa ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, ambako kuna kuandika kazi ulizofanya na kukaa mbele ya wahandisi wakakuhoji.

Kuhusu akili mnemba, usipoteze nguvu kuiwinda. Programu haijui kwamba jumanne kyubu namba tatu, kile kipande cha zege cha kupimia nguvu, ilivunjika kona kabla ya kuwekwa kwenye mashine. Dai namba zao, picha zao, na jambo moja ambalo halikwenda kama kitabu kinavyosema. Ripoti ya kuokota inajulikana kwa kutokuwa na ajali yoyote.

Kusahihisha watu mia, ndiyo, kunaua. Mimi nasoma sentensi mbili za kwanza. Kama sijapata matokeo na namba ndani ya hizo mbili, karatasi inarudi bila alama na ana siku tatu za kuirudisha. Zinazopita nazisoma zote, naweka alama ya makosa ya aina mbili au tatu tu, zaidi ya hapo hawasomi wekundu wako. Wiki ya nne zinazorudi zinakuwa chache.

Kama ratiba yako ni saa mbili kwa wiki na huna mamlaka ya kugusa mtaala, fanya zoezi la slump ndani ya mada ya "vikwazo vya mawasiliano", hakuna atakayekuuliza. Ongea mapema na fundi maabara akuwekee zege bichi, na waambie vijana wasije na viatu vyeupe.