Asilimia 92 ya nini?

SWALI: Shikamoo Dokta. Mama yangu ana miaka 61, tunaishi Mbagala. Ana presha na anameza kaptoprili miligramu 25 asubuhi na jioni. Kariakoo kuna muuzaji wa unga wa mitishamba ambaye anadai unga wake unazuia kimeng'enya kile kile kinachozuiwa na vidonge vya mama. Amenionyesha karatasi ya maabara: uzuiaji wa ACE, ndicho hicho kimeng'enya kinachopandisha presha, asilimia 92. Kopo limeandikwa "Haina kemikali. Salama kwa wajawazito na watoto." Anashauri mama atumie vyote viwili kwa mwezi mmoja, halafu aachane na vidonge. Picha ya karatasi na ya kopo nimekutumia. Je, ni kitu kimoja?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. La mama kwanza: asiache kidonge hata kimoja, na huo unga asiuonje. Mimi ni mkemia, si daktari wa wodini, kwa hiyo mengine ya presha yake mpeleke kliniki anakotibiwa. Karatasi ndiyo ya kwangu. Karatasi za aina hii naletewa kila mara, na kila anayeileta kidole chake kiko pale pale kilipo chako, kwenye asilimia.

Asilimia 92 kwa kiasi gani? Jibu limo humo humo kwenye picha uliyonitumia, mstari wa mwisho, kwa herufi ndogo: dondoo liliwekwa miligramu 1 kwa kila mililita. Kaptoprili inapunguza kazi ya ACE kwa nusu ikiwa kwenye nanogramu 5 hivi kwa mililita. Nanogramu ni sehemu moja katika milioni ya miligramu. Piga hesabu mwenyewe: hapo kimetumika kiasi mara laki mbili zaidi. Sasa mpeleke mama kwenye hesabu hiyo. Damu yake ni kama lita 5, kwa hiyo zinatakiwa gramu 5 za dondoo, si za unga bali za dondoo lililokwisha kuchujwa na kukaushwa, zivuke utumbo zote, zipite kwenye ini bila kuguswa, kisha zitulie kwenye damu. Dawa hiyo haipo, wala mti huo haupo.

Ukiweka kiasi kikubwa namna hiyo, karibu kila kitu kinazuia. Chai ya rangi iliyokolea inazuia ACE. EDTA, kemikali ya maabara inayokamata metali, nayo inaizuia barabara, kwa sababu kimeng'enya hiki kina zinki katikati yake, na EDTA inainyakua hiyo zinki. Sijasikia mtu anauza EDTA kuwa dawa ya presha, ingawa kwa hali ninayoiona sitashangaa.

Magome na majani mengi yana tanini, kile kinachokaza mdomo ukinywa chai kali, na tanini inavua kwa chandarua: inazoa kila protini iliyo mbele yake, iwe ya presha, ya sukari au ya virusi. Ndiyo maana dondoo moja linatangazwa kutibu magonjwa kumi. Muuzaji anaona baraka. Mimi naona jaribio halikufanywa sawasawa. Kuna molekuli nyingine ambazo zikiwa nyingi majini hujikusanya vibonge vidogo sana, kimeng'enya kikagandia juu yake na kusimama kazi. Dawa ya udanganyifu huo ni rahisi: tia sabuni ya maabara kidogo, Triton X-100, asilimia 0.01, urudie kipimo. Kama uzuiaji umeyeyuka, hukuwa na kizuizi, ulikuwa na vibonge. Wanafunzi wangu wananiona mkorofi ninapowarudisha kufanya hivyo wakiwa wamekwisha kuandika tasnifu. Tena kipimo cha kawaida cha ACE kinasoma mwanga wa nanomita 228, eneo ambalo vitu vingi vya mimea vinaufyonza wenyewe, kwa hiyo bila kontroli, yaani kipimo cha kulinganishia, unaweza kuwa unapima rangi ya majani tu. Karatasi yako haina sabuni, haina kontroli ya rangi, na haina kaptoprili iliyopimwa siku hiyo hiyo kando yake. Aliyeitoa alikuwa anajua anachokiacha, au hakujua. Sijui lipi baya zaidi.

Usidhani haya yanawapata wa Kariakoo peke yao. Manjano ya jikoni yana kukumini, molekuli ambayo imeonekana "kuzuia" vimeng'enya chungu nzima kwenye makala za kisayansi. Mwaka 2017 wakemia wa dawa waliipitia kwa kina, wakaeleza kwamba inaoza upesi, inashikamana hovyo na protini na haifiki kwenye damu kwa kiasi cha maana. Pilau endelea kula.

Tuje kwenye "haina kemikali", neno linalonipandisha presha mimi mwenyewe. Hiyo kaptoprili anayoidharau muuzaji imetokana na sumu ya nyoka. Bothrops jararaca, nyoka wa Brazil, akimgonga mtu presha inaporomoka. Mbrazil Sérgio Ferreira alichunguza sumu hiyo, na ndani yake zikapatikana peptidi, vipande vifupi vya protini, zinazozuia ACE. Moja ilijaribiwa kwa wagonjwa na ilifanya kazi, ila kwa sindano tu, maana tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama. Asili hiyo, na haimezeki. David Cushman na Miguel Ondetti wa kampuni ya Squibb, Marekani, walianza upya na molekuli ndogo, dhaifu mno. Wakaondoa kundi moja la atomu liitwalo kaboksili, wakaweka salfa yenye hidrojeni ili ishike ile zinki, na nguvu ikapanda karibu mara elfu moja. Ikaidhinishwa Marekani mwaka 1981. Hata hiyo salfa ilikuwa na kero zake, upele na kupotea kwa ladha mdomoni, ndipo wengine wakatengeneza enalaprili isiyo na salfa, yenye kipande cha esta ambacho ini hukikata baada ya kumezwa. Kila atomu hapo ina sababu yake na kipimo chake.

Hapo kwa wajawazito ndipo kopo linajikaanga kwa mafuta yake. Dawa zinazozuia ACE haziruhusiwi kwa wajawazito. Zinaharibu figo za mtoto tumboni na zinaweza kumuua. Kama unga unazuia ACE kweli, maandishi ya "salama kwa wajawazito" ni hatari ya kumpeleka mtu polisi. Kama ni salama kwa sababu hauzuii chochote, basi anauza majani. Achague moja. Na ule ushauri wa kuchanganya uko hivyo hivyo: unga ukifanya kazi, mama amepewa dozi mbili, presha ishuke mno, potasiamu ipande, figo zielemewe. Usipofanya kazi, mwezi ukiisha anabaki bila dawa yoyote.

Sisemi cha kiwandani hakina makosa. Mwaka 2018 valsatani, dawa nyingine ya presha, iliondolewa madukani nchi nyingi kwa sababu kiwanda kimoja cha China kilibadilisha viyeyusho na vitendanishi katika hatua moja ya usanisi, na NDMA, kitu kinachohofiwa kuleta saratani, ikajitengeneza humo. Wafanyabiashara wa mitishamba wanapenda sana kuitaja habari hiyo. Wanachoruka ni kwamba ilijulikana kwa sababu kulikuwa na watu wanaopima, kulikuwa na namba za toleo kwenye maboksi, na kulikuwa na wa kuamuru yarudishwe. Kopo ulilopiga picha halina namba ya toleo, halina tarehe, halina hata jina la mti. Likimdhuru mtu, utaanzia wapi?

La mwisho ni kwa wote mnaonunua vikopo hivi, pale Kariakoo au kwenye daladala. Unga wa mitishamba ukishusha presha au sukari ndani ya saa moja, au ukaondoa maumivu ya viungo usiku huo huo, usimsifu mtaalamu haraka. Katika nchi nyingi dawa za "asili" zimekutwa zimetiwa kimyakimya deksamethasoni ya kutuliza uvimbe, glibenklamidi ya kushusha sukari au sildenafili ya nguvu za kiume, vidonge vile vile vya dukani vilivyosagwa, bila kipimo. Mwenye sukari anayemeza glibenklamidi asiyoijua juu ya dawa zake anaweza kuzimia usingizini. Tiba asili ina baraza lake linalosajili dawa, Muhimbili ina Taasisi ya Tiba Asili, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wanapokea taarifa za bidhaa kama hizi. Kopo usilitupe. Lifunge kwenye mfuko pamoja na ile karatasi, andika ulikonunua na tarehe, uwapelekee.