Kwa Mafundi Wapya wa Muziki wa Magari: Msikate Kebo ya Rangi ya Machungwa

Juzi, katika karakana yetu hapa Kondele, Kisumu, nilimkuta kijana mmoja amejikunja ndani ya buti ya Audi ya mteja, koleo la kukatia waya mkononi, akijiandaa kukata kebo ya rangi ya machungwa kwa sababu ilikuwa inamzuia kupitisha waya wake. Nilipiga ukelele ambao nadhani ulisikika hadi Kibos. Kijana huyo si mzembe. Amefunga muziki katika matatu ambazo abiria huzisikia kabla ya kuziona. Tatizo ni kwamba wengi wenu mmetoka kwenye matatu, na ujuzi huohuo ndio unaowaponza. Matatu haina maoni: unavuta waya kutoka kwenye betri, unaweka fyuzi, unaipa amplifaya umeme, na gari linanyamaza. Gari la kifahari lina maoni, tena lina kompyuta za kuyatetea.

1. Lipime gari kwa mashine ya uchunguzi mteja akiwa bado amesimama hapo, na mwandike pamoja hitilafu zote mlizozikuta. Taa ya mifuko ya hewa ikiwa inawaka leo na hamkuiandika, kesho itakuwa ni ninyi mlioiwasha. Plagi za manjano, ambazo ni za mifuko hiyo, haziguswi swichi ikiwa imewashwa. Zima swichi, fungua betri, subiri dakika kadhaa, ndipo uondoe kiti au pambo la nguzo.

2. Kebo ya machungwa. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ukelele ule una historia.

Zamani, nikiwa nimetoka tu kwenye matatu na nikijiona bingwa, wakili mmoja aliniletea Audi A6, akitaka sabwufa, yaani spika ya besi, ya inchi 10 na amplifaya yake, na akitaka gari lake Ijumaa jioni kwa kuwa kesho yake alikuwa anakwenda mazishini Siaya pamoja na wakwe zake. Nilifungua ubavu wa kushoto wa buti, nikaiona amplifaya ya kiwandani, nikaona na nafasi nzuri ya kufunga ya kwangu kando yake, isipokuwa kebo nyembamba ilikuwa imepita katikati ya nafasi hiyo. Sikuikata. Niliikunja mara mbili, nikaibana kwa kibanio cha plastiki, nikakivuta hadi kikakaza kabisa. Nilipowasha swichi, skrini ilibaki nyeusi: hakuna redio, hakuna simu, hakuna chochote.

Nikalaumu fyuzi, nikazibadilisha. Nikailaumu amplifaya yangu, nikaichomoa. Nikafungua betri kwa nusu saa ili gari lisahau yaliyopita, nalo likasahau kweli, kwa maana vioo viliacha kupanda kwa mguso mmoja, lakini muziki haukurudi. Mwishowe nikaishuku ile kebo, nikaikata palepale ilipokunjika na kumenya ganda lake nikitafuta shaba ya kuungia. Hapakuwa na shaba. Palikuwa na uzi mwangavu kama mshipi wa wavuvi wa Dunga, nami, badala ya kusimama na kufikiri, nikazigusanisha ncha mbili, nikazizungushia utepe mweusi na kumwomba Mungu. Wakili alikwenda Siaya na gari bubu. Alinieleza baadaye, bila kucheka, kwamba mama mkwe alizungumza njia nzima.

Jumatatu alipita mzee mmoja aliyewahi kuunga nyaya za simu. Alichomoa plagi ya kebo ile swichi ikiwa imewashwa, akakinga kiganja mbele yake na kuniuliza mwanga uko wapi. Kebo ikiwa haina hitilafu, doa dogo jekundu huonekana kiganjani. Kwenye yangu hapakuwa na kitu. Ndani ya kebo ile hamna umeme. Mna mwanga mwekundu unaosafirisha sauti na amri katika mfumo uitwao MOST, ambao BMW waliuingiza barabarani mwaka 2001 katika 7 Series ya E65, na baadaye Audi, Mercedes-Benz na wengine wakautumia. Vifaa vyote vimepangwa kwa duara: redio humpa mwenzake, naye humpa anayefuata, hadi ujumbe urudi ulikoanzia. Duara likikatika mahali pamoja, wote wananyamaza. Kebo hiyo haitakiwi kupindwa kwa nusu-kipenyo kilicho chini ya milimita 25, na ncha zake haziguswi kwa vidole vyenye mafuta. Msitegemee rangi peke yake, kwa sababu BMW huivika ganda la kijani. Kebo mpya ilitoka Nairobi kwa gharama yangu, na nilichokuwa nimelipwa kama ufundi hakikutosha hata kuinunua.

Kutokana na hayo mtaelewa kwa nini hamwezi kudonoa sauti kutoka kwenye kebo hiyo. Ichukueni baada ya amplifaya ya kiwandani, kwenye nyaya za spika, muipeleke kwenye kichakata sauti au kwenye amplifaya inayokubali ingizo la spika. Pimeni kwanza ni nyaya zipi zinazobeba besi, kwa kuwa kiwandani masafa ya sauti hugawanywa kati ya spika, tena mifumo mingine hupunguza besi kadiri sauti inavyopandishwa. Hilo ndilo linalowafanya mteja na fundi wagombane kuhusu sabwufa isiyo na kosa lolote.

3. Erthi ya amplifaya, yaani waya wake hasi, haifungwi kwenye kichwa hasi cha betri pale penye kihisi cha betri. Kihisi hicho huhesabu umeme unaoingia na kutoka. Mkipita nyuma yake, gari linadhani betri imejaa wakati mnaimaliza. Fungeni kwenye bodi, mahali mlipokwangua rangi hadi chuma kikang'aa, kisha mpake grisi, kwa maana unyevu wa ziwa hili hauchelewi kuleta kutu. Kabla ya kutoboa sakafu ya buti, ingieni chini mtazame kuna nini upande wa pili. Fyuzi ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Waya wa alumini uliopakwa shaba ni rahisi kwa bei, lakini haupitishi umeme kama shaba tupu ya unene uleule, kwa hiyo ongezeni unene au, afadhali zaidi, acheni kuununua.

4. Boksi. Buti ya saluni ya kifahari imezibwa vizuri sana ili mwenye gari asisikie barabara, na ukuta huohuo ndio unaozuia besi yenu. Tafuteni mwanya wa katikati ya kiti cha nyuma na mjaribu boksi likielekezwa pande tofauti kabla ya kulikaza. Maseremala wa Kibuye watawakatia ubao wa MDF wa milimita 18 kwa usahihi iwapo ninyi mtawapelekea vipimo sahihi, na sabwufa nyingi za inchi 12 huridhika na boksi lililofungwa la karibu lita 28.

5. Geini, kile kirekebishi cha amplifaya kinacholinganisha nguvu ya ingizo, si kitufe cha sauti. Amplifaya ya wati 500 kwa omu 2 haitakiwi kuvuka volti 31.6 hivi: zidisha wati kwa omu, tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Chomoeni sabwufa, chezeni mlio wa hezi 50, pandisheni geini huku mita ikiwa kwenye volti za AC, na mkome hapo, hata mteja akiwasihi.

6. Gari halitoki kabla ya kulala, yaani kabla kompyuta zake hazijazima. Fungeni kufuli la buti kwa bisibisi mlango ukiwa wazi, ili gari liamini kwamba buti imefungwa, kisha mlifunge gari na kuacha mita ikisoma umeme unaotoka kwenye betri. Subirini nusu saa au zaidi. Ikiwa haushuki chini ya miliampea 50, mara nyingi waya wa rimoti, ule unaoiamuru amplifaya iwake, umeunganishwa mahali ambapo hapalali. Na kabla ya kuibamiza buti, lifungueni kufuli hilo kwa ufunguo, la sivyo mtalipinda, na lenyewe pia hutoka Nairobi.