Watoto hawataki mzee aambiwe ana saratani

SWALI: Nipo mafunzoni wodini hapa Dodoma. Tuna mzee kutoka Chamwino, Kigogo anakielewa kuliko Kiswahili. Majibu yametoka: saratani ya koo la chakula. Kijana wake mkubwa anatuomba tumfiche, eti atakata tamaa. Wenzangu wanasema kwa mila zetu ukoo ndio unaoamua. Nifanyeje? – Dada muuguzi

JIBU: Dada, usimkubalie kijana, wala usikimbilie kitandani na majibu. Haki ya kujua ni ya mzee, na ni yeye tu anayeweza kumkabidhi mwanawe. Peleka ombi hilo kwa daktari na msimamizi wa wodi. Kutoa majibu ni kazi ya daktari. Yako ni kuandaa mazungumzo na kubaki na mgonjwa daktari akishaondoka.

Tafuteni chumba chenye mlango, maana pazia halizuii sauti. Mkalimani awe mtumishi anayejua Kigogo. Mtoto mwenye hofu hugeuza "saratani" ikawa "kidonda", kisha mzee anaweka dole gumba kwenye fomu asiyoijua. Hapo ridhaa hakuna, hata wino ukiwepo. Aulizwe kwanza: "Mzee, ugonjwa ukiwa mkubwa, tukwambie mwenyewe au tuongee na nani?" Akimtaja kijana wake, ni uamuzi wake, uandikwe kwenye faili kwa maneno yake, pamoja na tarehe na saa. Akitaka kujua, aelezwe kidogo kidogo, halafu aombwe asimulie alichosikia. "Umeelewa?" haitoshi, kwani wazee wetu wengi huitikia kwa heshima tu.

Kuficha si mila ya Wagogo peke yao. Maandishi ya kale ya Kigiriki yanayohusishwa na tabibu Hippocrates yalimshauri tabibu amfiche mgonjwa mambo mengi. Mwaka 1785 mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alisisitiza kwamba mtu asitumiwe kama chombo tu. Kisha, baada ya ukatili wa madaktari wa Kinazi, Kanuni za Nuremberg za 1947 zikatanguliza ridhaa ya hiari katika majaribio kwa binadamu.

Wenzako wana hoja nzito: kwetu mgonjwa hauguzwi peke yake. Lakini utu huohuo unamhusu mzee. Akifichwa, atagawa lini ng'ombe wake? Atamwita lini binti aliyeolewa mbali?

Kijana mwambieni hivi, kwa upole: "Hatutamlazimisha kusikia. Ila akituuliza, hatutamdanganya."