Kabla hujagusa jedwali la nyara

Ukijiunga na timu inayotengeneza gemu za mapigano, zile ambazo unaua mazimwi, unaokota silaha, unazivaa, kisha unarudi kuua mazimwi makubwa zaidi, huenda kazi ya kwanza utakayopewa ni jedwali la nyara. Kwa macho ni kazi ya karani. Kila zimwi lina orodha ya vitu linavyoweza kudondosha, na kila kitu kina namba ya uwezekano wake. Mimi niliipokea hivyo hivyo, nikaijaza kwa siku mbili na kujisifu. Kuirekebisha kulinichukua miezi.

Kosa langu lilikuwa upanga mmoja. Niliufanya bora kuliko silaha zote, nikaufanya udondoshwe na bosi wa mwisho, yaani zimwi kubwa la kumalizia, kwa uwezekano wa 1 kwa 100. Kichwani nilikuwa na hesabu ya kibaba: muue mara mia, utaupata. Lakini bahati haiweki daftari la nani alikosa jana. Kati ya wachezaji 100 watakaomuua bosi huyo mara 100 kila mmoja, karibu 37 wataondoka mikono mitupu. Wakifikisha mara 300, karibu 5 watakuwa bado hawajauona, na hao watano ndio utakaosikia kelele zao kuliko wote.

Hao niliwatarajia baadaye. Nisichotarajia ni kijana mmoja kwenye majaribio aliyeupata siku ya kwanza. Aliruka kwa furaha, akacheza kama nusu saa, kisha akazima. Nilipomuuliza sababu, akajibu, "Kaka, sasa natafuta nini?" Mwenzake aliyekosa alicheza wiki nzima huku akinitukana. Aliyenifundisha kazi ni yule wa kwanza.

Nenda kacheze gemu ya Diablo II ya mwaka 2000, hata kama picha zake zitakuchekesha. Kitu cha buluu kina nguvu ndogo za kubahatisha. Cha njano ndicho adimu, na kinaweza kubeba hadi sifa sita zilizochanganywa kwa bahati. Cha dhahabu kina jina lake na sifa zake zinazojulikana. Ujanja wa mpangilio huo ni kwamba njano iliyochanganyika vizuri inaweza kuishinda dhahabu. Kwa hiyo hakuna mahali mchezaji anaambiwa amefika mwisho. Upanga wangu ulimwambia.

Sikiliza pia namna kitu kinavyofika. Pete ikianguka kwenye gemu ile, hulia mlio wake mwembamba wa chuma, na mchezaji huusikia kabla hajaiona. Akiiokota, bado haijatambuliwa: anaona rangi tu, nguvu zake zimefichwa. Inabidi atumie hati ya utambuzi au ampelekee mzee Cain, mhusika wa mjini anayetambua vitu. Kitu kimoja kimempa mshtuko mara mbili, na kati ya mshtuko wa kwanza na wa pili kuna safari fupi ambayo moyo unadunda. Waanzaji wengi huiondoa safari hiyo kwa kudhani ni usumbufu. Nami niliwahi kuiondoa. Tuliirudisha wiki iliyofuata.

Sasa Diablo III, maana hapa ndipo kuna somo ghali. Ilitoka Mei 2012 ikiwa na soko la mnada ndani yake, na mwezi uliofuata likafunguliwa la pesa halisi, Blizzard, kampuni iliyoitengeneza, ikikata dola 1 kwa kila silaha iliyouzwa. Kwa karatasi wazo lilikuwa zuri: watu walikuwa wakiuziana vitu kichochoroni na kutapeliwa tangu zamani, basi bora waletwe kwenye mwanga. Lakini angalia lilichofanya kwa jedwali la nyara. Umeua zimwi, limedondosha upinde wa maana, nawe unacheza mchawi. Huuhitaji, unaupeleka sokoni. Ukitaka fimbo nzuri, njia ya haraka ni sokoni tena. Uadimu ulibaki palepale, namba hazikuwa na neno, ila mahali pa kuutafuta palihama kutoka vitani kwenda dukani. Watengenezaji wenyewe walikiri kwamba soko lilidhoofisha kiini cha gemu yao, na Machi 18, 2014 wakalifunga. Wiki tatu hivi kabla walikuwa wamebadilisha nyara zenyewe: vitu vichache zaidi, vizuri zaidi, na vingi vikimfaa mhusika unayemchezesha.

Ndiyo maana nikipitia jedwali la mtu siulizi kwanza kitu fulani ni adimu kiasi gani. Nauliza: mchezaji akikikosa leo, kesho anaamka akifikiria atakwenda wapi kukitafuta? Akikipata, atakwenda wapi kukitumia? Mstari usio na majibu hayo naufuta.

Rangi nazo huchakaa. Diablo III hiyo hiyo ilipoanza kumwaga vitu vya rangi ya chungwa, vilivyokuwa adimu zake, chungwa likawa la kawaida, ikabidi mwaka 2015 kuongezwa daraja la juu yake, na mwaka 2017 jingine tena. Anza na madaraja machache. Kuongeza ni rahisi. Kumnyang'anya mchezaji rangi aliyoizoea ni ugomvi.

Na takataka usizidharau, ila zipime. Kwenye gemu ya Path of Exile vitu hudondoka vingi mno hata wachezaji huandika vichujio vyao, vinavyoficha vitu hafifu na kulia kengele kwa vile vya thamani. Wameridhika na hali hiyo, lakini timu ndogo kama yetu haina wachezaji wenye subira hiyo.

Kuhusu kinga ya bahati mbaya, yaani uwezekano kupanda kila mtu anapokosa: iweke. Sisi tuliiweka kimyakimya na matusi yakapungua. Lakini siku utakapoambiwa uuze nafasi ya kubahatisha kwa pesa halisi, jua umetoka kwenye nyara umeingia kwenye pata potea. Ubelgiji ilishaamua mwaka 2018 kwamba makasha ya kununua ya namna hiyo ni kamari. Mimi kazi hiyo nilikataa. Wewe utaamua na kodi yako ya nyumba.

Jambo la mwisho ni la siku ya majaribio: usikae ukitazama namba, kaa nyuma ya mchezaji. Upanga wangu hatimaye niliuvunja vipande vitatu vinavyotoka kwa mabosi watatu. Msichana mmoja alipata kipande cha pili, hana cha kwanza, wala mhusika wake hawezi kushika panga. Begi lilikuwa limejaa. Akatupa dawa zake zote mbele ya mlango wa bosi, akakibakiza.